Barua ya Wazi kutoka Matogoro: Sindano ya Siku ya Nne

Kwa Mganga Mkuu wa Mkoa wa Ruvuma na timu yake,
na kwa Kamati za Dawa na Tiba za hospitali zote za mkoa.

Waheshimiwa,

Baridi ya Juni na Julai huikuta Matogoro imejiandaa kwa masweta na majiko ya mkaa. Ukungu hulala juu ya milima ambako Mto Ruvuma unaanzia, madirisha hufungwa mapema, watu hulala wamebanana, na haipiti muda kila nyumba ina mtu anayekohoa. Wengi hupona wenyewe. Wachache hubanwa kifua mpaka hawawezi kula wala kulala, na hao ndio wanaohusika na barua hii: mtoto wa miezi sita ambaye mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, au bibi wa miaka sabini ambaye mafua ya siku tano yamemmaliza nguvu. Hawa hupelekwa HOMSO, kama wenyeji wanavyoiita hospitali ya rufaa ya mkoa, au hupandishwa gari kwenda Peramiho, kwenye hospitali ya Mtakatifu Yosefu.

Kinachofuata katika wodi nyingi za Tanzania kinajulikana. Kanula inawekwa, na sindano ya seftriaksoni, antibiotiki, inaandikwa kwenye faili. Baadaye inaweza kuongezwa flajili kwa ajili ya uhakika. Mwaka 2020 jarida la BMJ Open lilichapisha utafiti uliofanyika katika hospitali sita za rufaa nchini. Kati ya wagonjwa 948 waliokutwa wodini, takriban asilimia 62 walikuwa kwenye dawa za kuua vimelea, na seftriaksoni ndiyo iliyoongoza. Utafiti huo haukuhusu wagonjwa wa kifua peke yao. Ila muuguzi yeyote aliyewahi kusukuma toroli la dawa asubuhi ataitambua picha hiyo bila kusoma jarida.

Sasa, wagonjwa hawa wanaumwa nini hasa? Mwaka 2008 watafiti wakiongozwa na daktari Valérie D'Acremont waliwapima watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara, kwa vipimo vingi kuliko vile ambavyo kliniki ya kawaida inaweza kuota kuwa navyo. Matokeo yalitoka katika New England Journal of Medicine mwaka 2014. Watoto 62 kati ya kila 100 walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na kati ya hao wa njia ya hewa ni asilimia 5 tu waliothibitishwa kwa eksirei kuwa na nimonia. Virusi vilionekana kwa asilimia 70 ya watoto wote, bakteria kwa asilimia 22. Malaria, ambayo kila mtu alikuwa akiitaja, ilikuwa kwa mtoto mmoja kati ya kumi.

Mtu anaweza kusema hao walikuwa wagonjwa wa nje, waliotembea wenyewe au kubebwa mgongoni. Waliolazwa je? Jibu lilitoka Kilifi, pwani ya Kenya, na vituo vingine vya nchi sita, katika utafiti mkubwa uitwao PERCH uliochapishwa na The Lancet mwaka 2019. Uliwaangalia watoto chini ya miaka mitano wasio na VVU, waliolazwa kwa nimonia kali iliyoonekana kwenye eksirei. Virusi vilibeba lawama kwa asilimia 61, bakteria kwa asilimia 27. Kirusi kimoja peke yake, kile cha RSV kinachowabana watoto wachanga, kilisababisha karibu theluthi moja ya wagonjwa wote. Hapa kwetu pia hilo lisingekuwa ajabu. Tanzania iliingiza chanjo yenye kinga dhidi ya bakteria wa Hib mwaka 2009, kisha ya nimokoko mwaka 2013. Bakteria wawili waliokuwa wakiua watoto wengi wamepigwa, na virusi vimebaki na uwanja.

Seftriaksoni haiui virusi. Amoksilini haiui virusi, na kapsuli za rangi mbili za dukani hazijawahi kuua kirusi hata kimoja. Kila aliyepita chuo cha uuguzi analijua hilo, na barua hii haikuandikwa kuwafundisha wataalamu somo la mwaka wa kwanza.

Tena haki lazima isemwe: woga wa daktari una mizizi. Mwishoni mwa Septemba 1918 jeshi la Wajerumani la von Lettow-Vorbeck lilivuka Ruvuma likitokea Msumbiji na kupita upande huu wa Songea, huku maradhi ya mapafu yakiwapunguza askari na wapagazi wake. Ulikuwa mwaka wa homa kuu ya mafua duniani. Miaka tisini baadaye, mwaka 2008, wanasayansi wa Marekani walichunguza vipande vya mapafu vya waliokufa katika gonjwa lile vilivyokuwa vimehifadhiwa. Wakakuta kwamba wengi hawakumalizwa na kirusi chenyewe. Kirusi kilikuwa kimewafungulia mlango bakteria, na wakati huo hapakuwa na dawa ya kuwazuia. Kwa hiyo daktari wa zamu anayempokea mgonjwa saa nane usiku, hewa ya oksijeni mwilini ikiwa chini, maabara ikiwa na mtu mmoja na kipimo cha kuotesha damu kikichukua siku mbili au tatu, akiamua kuanza antibiotiki, hakuna wa kumnyooshea kidole. Mwongozo wa matibabu unamruhusu, na mara nyingi unamwagiza. Mtoto mchanga, mwenye utapiamlo mkali, mwenye VVU, aliyeshuka shinikizo la damu: hao hawasubiri majadiliano.

Sindano ya kwanza, basi, haina ugomvi na mtu. Ugomvi uko kwenye ya nne.

Ya kwanza iliamuliwa na daktari aliyemwona mgonjwa. Ya nne mara nyingi haikuamuliwa na yeyote. Iliandikwa usiku ule wa kwanza, “siku saba”, na tangu hapo inajiendesha. Siku ya tatu bibi ameanza kunywa uji, homa imeshuka, anavuta hewa bila mashine, chembe nyeupe za damu hazijapanda, eksirei haina doa la kutia shaka. Kila dalili inasema ni virusi na vinaondoka vyenyewe. Asubuhi yake muuguzi anachanganya kichupa kingine, kwa sababu faili linasema hivyo na raundi ya jana ilipita haraka. Hapo ndipo Mkoa unaweza kubadilisha jambo bila kujenga jengo wala kusubiri bajeti.

Uviko-19 uliacha somo kubwa kuhusu hili, na inasikitisha jinsi lilivyosahaulika upesi. Mgonjwa wa kwanza Tanzania alitangazwa tarehe 16 Machi 2020. Katika miezi iliyofuata, watu walipokuwa wakijifukiza nyungu majumbani, azithromaisini ilikuwa ikiuzwa kama njugu madukani, wengi wakiijua kwa jina la Azuma. Wakati huohuo Uingereza ilikuwa ikiipima katika jaribio la RECOVERY. Wagonjwa 7,763 waliolazwa waligawanywa kwa kura, sehemu wapewe azithromaisini juu ya huduma ya kawaida, wengine wasipewe. Baada ya siku 28 waliokufa walikuwa asilimia 22 upande huu na asilimia 22 upande ule. Jaribio hilohilo ndilo lililogundua kwamba deksamethasoni, dawa ya bei ya chini inayopatikana hata katika vituo vya afya, ilipunguza vifo kwa theluthi moja miongoni mwa waliokuwa kwenye mashine ya kupumulia, na kwa moja ya tano miongoni mwa waliokuwa kwenye oksijeni. Dawa iliyookoa ilikuwa kabatini muda wote, na haikuwa antibiotiki.

Aprili 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa hesabu ya nchi 65, wagonjwa wapatao 450,000 waliolazwa kwa Uviko kati ya Januari 2020 na Machi 2023. Waliokuwa na maambukizi ya bakteria yaliyohitaji antibiotiki walikuwa asilimia 8. Waliopewa antibiotiki walikuwa watatu kati ya wanne. Kanda ya Afrika ilikuwa miongoni mwa zilizoongoza, asilimia 83.

Kuna hesabu nyingine, ya Norwei, ambayo inafaa kusomwa kwa tahadhari. Hospitali ya Chuo Kikuu ya Akershus iliwafuatilia watu wazima 2,111 waliolazwa kati ya 2017 na 2021 wakiwa wamethibitishwa kuwa na mafua, RSV au virusi vya korona. Asilimia 63 walipewa antibiotiki. Matokeo yaliyotolewa Copenhagen mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliopewa walikuwa na uwezekano takriban maradufu wa kufa ndani ya siku 30, hata baada ya kuzingatia umri na magonjwa mengine. Haina maana kwamba dawa iliwaua. Daktari humpa dawa anayemwona ana hali mbaya zaidi, na hakuna hesabu inayoweza kuondoa jambo hilo lote. Lakini kama antibiotiki zingekuwa ngao, hata kidogo, ngao hiyo ingetegemewa kuonekana mahali fulani katika takwimu hizo. Haikuonekana.

Gharama, kwa upande mwingine, inaonekana. Kuhara kunakomrudisha mtoto kwenye dripu. Kanula iliyokaa siku saba mpaka mkono ukavimba. Kitanda kilichoshikiliwa siku tatu za ziada kwa sababu “dozi haijaisha”, huku nyumbani shamba la mahindi likisubiri na ndugu mmoja analala chini ya kitanda cha mgonjwa ili amwogeshe na kumlisha. Na kuna gharama asiyoiona mgonjwa huyu bali ataiona wa kitanda cha jirani. Muhimbili, kati ya Agosti 2001 na Agosti 2002, watafiti waliwafuatilia watoto waliolazwa wakiwa na homa na dalili za maambukizi makali. Kati ya waliokuwa na bakteria wa kundi la gramu-hasi ndani ya damu, zaidi ya asilimia 43 walikufa. Kwa malaria ilikuwa takriban asilimia 20. Usugu wa bakteria kwa dawa ulikuwa mmoja wa viashiria vya nani angekufa. Hiyo ilikuwa zaidi ya miaka ishirini iliyopita, kabla seftriaksoni haijawa dawa ya kila wodi.

Serikali inalijua tatizo na imelipa jina, UVIDA, yaani usugu wa vimelea vya magonjwa dhidi ya dawa. Mpango wa kwanza wa kitaifa wa kupambana nalo ulikuwa wa 2017 hadi 2022, wa sasa ni wa 2023 hadi 2028. Septemba 2024 nchi zote ziliahidi mbele ya Umoja wa Mataifa kwamba ifikapo 2030 asilimia 70 ya antibiotiki zinazotumiwa na binadamu zitatoka kundi la dawa za mstari wa mbele, kama amoksilini, ambazo huchochea usugu kidogo. Seftriaksoni haimo kundini humo. Iko katika zile za kutazamwa kwa jicho kali. Ahadi ya New York hutimizwa au huvunjwa kwenye toroli la dawa la wodi namba fulani, saa kumi na mbili asubuhi.

Kikwazo kimoja hakizungumzwi vya kutosha, nacho ni tangazo la afya lililofanikiwa kupita kiasi. Kwa miongo Watanzania wameambiwa: maliza dozi. Redio ilisema, bango la zahanati likasema, mama akamwambia mwanawe. Ushauri huo ni mzuri kwa mwenye kifua kikuu, na unatosha kwa mwenye nimonia ya bakteria. Kwa mgonjwa wa virusi hakuna dozi ya kumaliza. Lakini daktari kijana anayetaka kusimamisha sindano siku ya tatu anajikuta anapambana na wimbo alioimbiwa yeye mwenyewe utotoni, na ndugu wa mgonjwa wanamtazama kama mtu anayebania dawa. “Kalazwa halafu hachomwi sindano?” Swali hilo lina uzito wodini, na haliwezi kuachiwa intern alijibu peke yake.

Tanzania imeshawahi kuona jinsi hofu inavyohama. Kipimo cha haraka cha malaria kilipoenea, dawa za malaria zilipungua, na hilo lilikuwa jambo jema. Kilichokuja nyuma yake kilielezwa mwaka 2017 katika jarida la BMJ, katika uchambuzi wa tafiti tisa na wagonjwa zaidi ya 520,000, wengi wao wa Afrika. Waliokutwa hawana malaria, asilimia 69 waliondoka na antibiotiki. Waliokutwa nayo, asilimia 40. Kipimo kilimwambia mhudumu ugonjwa usiokuwepo, hakikumwambia uliopo, naye akafanya alichoweza.

Ndiyo maana majaribio ya Morogoro na Mbeya yanastahili kusomwa Songea kwa makini. Vituo arobaini vya ngazi ya msingi viligawanywa. Nusu vilipewa tableti yenye programu ya kumwongoza mhudumu hatua kwa hatua, pamoja na kipimo cha kidole cha kuangalia oksijeni na kipimo cha damu cha CRP kinachosaidia kutenganisha bakteria na virusi. Matokeo yalichapishwa na Nature Medicine mwaka 2024, baada ya matibabu ya watoto zaidi ya 44,000. Waliopewa antibiotiki walikuwa asilimia 23 penye programu, asilimia 70 pasipokuwa nayo. Watoto ambao hawakupona vizuri hawakuongezeka. Ni wagonjwa wa nje, kweli, na wodini mambo ni mazito zaidi. Lakini inaonyesha kwamba mhudumu wa Kitanzania akipewa kitu cha kumtuliza moyo, huacha dawa isiyohitajika bila kusukumwa.

Mkoa huu una historia inayofaa kukumbukwa hapa. Mwaka 2003, Mamlaka ya Chakula na Dawa ya wakati ule ilipotaka kubadili maduka ya dawa baridi kuwa maduka ya dawa muhimu, yale ya DLDM yanayoonekana leo kila kona ya nchi, ilianza majaribio Ruvuma. Wauzaji wa Songea, Mbinga na Tunduru walikuwa wa kwanza kufundishwa, kukaguliwa na kuruhusiwa kuuza orodha fupi ya dawa za cheti, amoksilini na septrini zikiwamo. Yalikuwa mageuzi makubwa, na vijiji vingi vilipata dawa salama karibu kwa mara ya kwanza. Leo yanadai upande wa pili wa deni: wagonjwa wengi hufika wodini wakiwa tayari wamemeza nusu ya orodha ile, na anayewapokea hajui wamemeza nini. Kuuliza jina la dawa na tarehe iliyoanzwa, na kuviandika kwenye ukurasa wa kwanza wa faili, kunachukua dakika moja.

Kinachoombwa, basi, ni hiki. Kila mgonjwa aliyelazwa kwa maambukizi ya njia ya hewa na kuanzishiwa antibiotiki afikiwe tena kati ya saa 48 na 72, na uamuzi uandikwe kwa mkono wa daktari pamoja na sababu: simamisha, hamia vidonge, au endelea. Maneno “siku saba” yasikubaliwe siku ya kwanza. Faili lisilo na uamuzi huo, mfamasia awe na mamlaka ya kulirudisha kabla ya kutoa kichupa cha siku ya nne. Mamlaka hayo yaandikwe, kwa sababu mfamasia kijana asiye na karatasi mkononi hawezi kumbishia daktari bingwa mbele ya wodi nzima, na haifai kumtwika mzigo huo.

Vipimo vya oksijeni vya kidole viwe kwenye vitanda vyote vya wagonjwa wa kifua, na CRP pamoja na vipimo vya haraka vya mafua na Uviko viingizwe katika maoteo ya mahitaji yanayopelekwa Bohari ya Dawa kabla ya msimu wa baridi, si katikati yake. Anayesimamishiwa sindano aelezwe yeye na ndugu zake, kwa Kiswahili au kwa Kingoni pale inapobidi, kwamba anapona na kwamba hewa, maji, chakula na uangalizi ndivyo vilivyokuwa vinamtibu. Maelezo hayo yatolewe na daktari mwenyewe. Na msimu ukiisha, mwezi Agosti, kila hospitali ihesabu mafaili yake: wangapi walianzishiwa, wangapi waliandikiwa uamuzi siku ya tatu, wangapi walisimamishwa, na kati ya hao wangapi walirudi wamezidiwa. Namba hiyo ya mwisho ndiyo muhimu kuliko zote, kwa sababu ikiwa kubwa, ombi hili litakuwa limekosea na litapaswa kusimamishwa nalo. Hesabu ibandikwe ubaoni, pale pale panapobandikwa bei za huduma.

Gharama ya kuanza ni muhuri mmoja wa mpira wenye mistari mitatu: simamisha, hamia vidonge, endelea. Mafundi wa mihuri mjini Songea wanaweza kuutengeneza kwa siku moja.

Wenu,
Mkazi wa Matogoro, Manispaa ya Songea

Nakala:
Baraza la Famasi
Bohari ya Dawa (MSD)
Wauguzi wafawidhi wa wodi za watoto na za magonjwa ya ndani, mkoani Ruvuma